Siku saba Avignon na vijiji vya Luberon: jinsi ya kuzipanga

Avignon iko kando ya mto Rhône, kusini mwa Ufaransa, na Luberon ni eneo la vilima na vijiji lililo mashariki yake. Wageni wengi huharibu safari yao huko kwa mambo mawili. Kwanza, hukodi gari siku ya kwanza, likalala kwenye maegesho ya kulipia siku nne nzima, ilhali mji wa kale wote unazungukwa kwa miguu. Pili, hawaangalii siku za juma. Katika eneo hili kila kijiji kina siku yake ya soko, makumbusho yana siku zao za kufungwa, na Jumapili mabasi ya vijijini hupungua au hayapo kabisa. Ukitatua hayo mawili, mengine yatajipanga.

Mpangilio tunaoupendekeza ni huu: fika Jumatatu, lala usiku nne mjini bila gari, chukua gari Ijumaa asubuhi, lala usiku tatu kijijini, rudisha gari Jumatatu inayofuata. Sababu zake zitaonekana tukiendelea.

Kwanza chagua mwezi

Miezi bora ni kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Juni, na Septemba. Joto linavumilika, masoko yamejaa, na bei za vyumba hazijafika kileleni. Julai ni mwezi wa tamasha la maigizo lililoanzishwa na Jean Vilar mwaka 1947. Karibu mwezi mzima mji hujaa watu, mabango ya michezo hufunika kuta na nguzo, na vyumba huisha miezi mingi kabla. Kama hukuja kwa ajili ya maigizo, usije Julai. Zaidi ya bei na kelele, ua mkuu wa Ikulu ya Mapapa, jumba walimokaa mapapa wa Kanisa Katoliki karne ya 14, hugeuzwa ukumbi wenye viti vipatavyo 2,000, kwa hiyo huoni umbo lake halisi.

Wanaofuata lavenda, maua ya zambarau yenye harufu nzuri, hawana budi kukubali joto. Mashamba ya bondeni, likiwemo lile la mbele ya abasia (nyumba ya watawa) ya Sénanque, huchanua takriban katikati ya Juni hadi katikati ya Julai. Nyanda za juu karibu na Sault huchelewa, na maua yanaweza kuendelea hadi mwisho wa Julai. Mgeni anayefika Agosti akitarajia zambarau hukuta mistari ya vichaka vilivyokwisha kukatwa.

Viza na karatasi

Viza ya muda mfupi ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya ambamo Ufaransa imo, huombwa kupitia tovuti rasmi ya France-Visas, katika nchi unayoishi kihalali. Mkenya anayefanya kazi Muscat au Dubai huombea huko huko, mradi kibali chake cha ukaazi bado kina muda. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na siyo chini ya siku 15 kabla. Usisubiri hizo 15, kwani nafasi za miadi huwa haba kuanzia Aprili. Ada ya mtu mzima ni euro 90. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na muda wake uvuke angalau miezi 3 baada ya siku ya kuondoka Ulaya. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000.

Pengo la usiku mmoja katika karatasi za malazi huzua maswali. Ukiwa na hoteli ya mjini hadi Ijumaa na nyumba ya kijijini inayoanza Jumamosi, afisa atauliza utalala wapi katikati. Tarehe zishikane: siku unayotoka hapa ndiyo unayoingia pale. Ukifikia kwa ndugu au rafiki, yeye huenda ofisi ya meya wa mji wake kuomba hati ya kumpokea mgeni, iitwayo attestation d'accueil. Barua aliyoiandika mwenyewe haitoshi.

Kufika kwa treni

Ukitua uwanja wa Charles de Gaulle, Paris, stesheni ya treni za kasi, TGV, iko palepale kwenye jengo la 2. Baadhi ya treni huenda Avignon moja kwa moja kwa muda wa saa tatu na zaidi kidogo. Kutoka stesheni ya Gare de Lyon katikati ya Paris ni takriban saa 2 na dakika 40, na kutoka Marseille hata saa nzima haifiki. Nauli ya TGV hupanda kadiri siku zinavyokaribia, kwa hiyo nunua mara tu viza inapotoka.

Acha angalau saa 3 kati ya kutua na treni. Tiketi za bei nafuu ni za treni ile ile uliyoichagua. Foleni ya uhamiaji ikikuchelewesha, huenda ukalazimika kununua nyingine kwa bei ya siku hiyo. Kwenye jukwaa tafuta namba ya behewa lako, voiture, na herufi ya mahali litakaposimama. TGV mara nyingi huwa treni mbili zilizounganishwa, na ndani huwezi kuvuka kutoka moja kwenda nyingine. Ukipanda isiyo yako, utasafiri umesimama na mizigo hadi kituo kinachofuata.

Avignon ina stesheni mbili. Avignon TGV iko nje ya mji, na Avignon Centre iko mbele ya kuta. Treni ndogo ya mkoa, TER, huziunganisha kwa dakika 5 hivi. Ukitoka Avignon Centre vuka barabara, pita lango la ukutani, na uko kwenye Rue de la République, inayokwenda moja kwa moja hadi Place de l'Horloge, kitovu cha mji.

Chumba mjini

Lala ndani ya kuta. Zina urefu wa takriban kilomita 4.3, na ndani yake hakuna mahali pa mbali na pengine. Kabla ya kulipa muulize mwenye nyumba mambo manne. Je, kuna lifti? Majengo mengi ni ya karne zilizopita na ngazi zake ni nyembamba, zenye kona. Je, dirisha linatazama barabarani au uani? Barabara za karibu na Place Pie na Rue des Teinturiers hupendeza, lakini watu hukaa nje hadi usiku wa manane. Je, kuna kiyoyozi? Julai na Agosti joto la nyuzi 35 ni jambo la kawaida. Na je, kuna kodi ya utalii juu ya bei? Hutozwa kwa kila mtu kwa kila usiku, na mara nyingine hulipwa papo hapo.

Begi la magurudumu madogo hutesa hapa. Vichochoro vingi vimetandikwa mawe ya mtoni ya mviringo. Begi la mgongoni ni afadhali sana. Beba pia adapta, kwani plagi ya miguu mitatu ya bapa inayotumika Kenya na Tanzania haiingii kwenye soketi za Ufaransa, ambazo ni za matundu mawili ya duara. Umeme ni volti 230, hivyo chaja zako hazina shida.

Siku nne za mjini

Jumatatu ya kufika, soko la ndani la Les Halles limefungwa. Weka mizigo, upande bustani ya Rocher des Doms jua likielekea kuzama. Kutoka pale juu unaona mto, daraja lililokatika, na upande wa kaskazini-mashariki mlima Ventoux wenye kilele cheupe cha mawe. Wengi wasioujua hudhani ni theluji.

Jumanne nenda Ikulu ya Mapapa mlango unapofunguliwa, kabla ya makundi ya mabasi. Papa Klementi V alikuja eneo hili mwaka 1309, na mapapa wakabaki hadi miaka ya 1370. Ikulu ilianza kujengwa 1335, na sehemu kubwa ikakamilika chini ya miaka 20. Mwaka 1348 Klementi VI aliununua mji wenyewe kutoka kwa Malkia Joanna wa Naples kwa florini 80,000. Tenga saa 2 na nusu. Kompyuta kibao unayopewa mlangoni huonyesha vyumba vilivyokuwa na mapambo yake. Itumie, kwa sababu kumbi nyingi leo ni tupu: jengo lilikuwa kambi ya jeshi hadi 1906. Usikimbie ukapita kanisa dogo la Mtakatifu Martial. Tazama michoro ya Matteo Giovannetti ukutani. Palipo na mabaka matupu, askari walikata vichwa vya watu waliochorwa wakaviuza.

Tiketi ya pamoja ya ikulu na daraja la Saint-Bénézet, lile lililokatika, ni nafuu kuliko mbili za mbalimbali. Daraja lenyewe halichukui zaidi ya nusu saa. Lilianza kujengwa 1177, likawa na matao 22, na mafuriko ya Rhône yakayabomoa moja baada ya jingine hadi yakabaki 4. Mandhari nzuri zaidi ya daraja haipatikani ukiwa juu yake bali ng'ambo ya mto: karibu na daraja kuna kivuko kidogo cha bure kwenda kisiwa cha Barthelasse. Angalia ratiba yake, maana hubadilika kwa msimu, na upepo mkali hukisimamisha.

Jumatano asubuhi ingia Les Halles kununua chakula cha siku mbili: jibini la mbuzi, zeituni, mkate, na kuanzia Juni matikiti ya Cavaillon, mji wa jirani. Chagua tikiti zito kwa ukubwa wake, lenye ufa mdogo kuzunguka kikonyo. Ufa huo ndio dalili ya kuiva. Kisha nenda makumbusho ya Petit Palais, yenye michoro ya Kiitalia ya zama za mapapa hao. Kiingilio ni bure, ila hufungwa Jumanne, ndiyo maana tumeyaweka leo. Mchana panda basi la mjini la Orizo uvuke hadi Villeneuve-lès-Avignon. Mji ule ulikuwa upande wa mfalme wa Ufaransa wakati Avignon ni ya mapapa, na ngome ya Saint-André ilijengwa kuwatazama.

Alhamisi toka nje ya mji. Una njia mbili nzuri. Arles iko kama dakika 20 kwa treni kutoka Avignon Centre, na uwanja wake wa michezo wa Kirumi bado unatumika. Au nenda Pont du Gard kwa basi kutoka kituo kilicho kando ya stesheni. Kumbuka kwamba unavuka mpaka wa mkoa: mabasi ya upande ule ni ya mtandao wa liO, ya vijiji vya Vaucluse, mkoa wa Avignon, ni ya Zou!, na programu ya simu ya mmoja haikuonyeshi ratiba ya mwingine. Piga picha ya saa za kurudi kabla hujaondoka kituoni.

Kama ni moja tu, chagua Pont du Gard. Ni daraja la maji la karne ya 1, lenye ngazi tatu za matao na urefu wa takriban mita 49 kwenda juu. Lilikuwa sehemu ya mfereji wa kilomita 50 uliopeleka maji mji wa Nîmes kutoka chemchemi za Uzès. Mteremko wa mfereji wote ni mita 12.6 tu, yaani wastani wa sentimita 25 kwa kila kilomita, na maji yalitiririka bila pampu yoyote. Sogea karibu na nguzo. Utaona mawe yaliyoachwa yakichomoza nje ya ukuta: yalishikilia jukwaa la mafundi, na hayakukatwa baadaye. Mawe makubwa yana uzito wa hadi tani 6, na matao makubwa yamesimama bila saruji wala chokaa kati yao. Watu huogelea mtoni chini yake wakati wa joto. Vaa viatu vya maji, kwani kokoto ni kali. Septemba na Oktoba ukisikia onyo la mvua ya milima ya Cévennes, toka mtoni mara moja. Mto Gardon hupanda kwa mita kadhaa ndani ya saa chache hata kama juu yako ni jua.

Kuchukua gari Ijumaa

Kampuni za kukodisha ziko Avignon TGV. Utahitaji leseni yako pamoja na leseni ya kimataifa au tafsiri rasmi ya Kifaransa, na kadi ya mkopo yenye jina la dereva. Kadi ya kawaida ya benki mara nyingi hukataliwa kwa dhamana, na hapo safari hukwama kaunta. Piga picha za gari pande zote, magurudumu na kioo cha mbele kabla ya kuliwasha.

Ufaransa huendesha upande wa kulia. Kwenye kiplefti unazunguka kinyume cha saa na kumpisha anayetoka kushoto kwako. Hatari kubwa kwa dereva wa Afrika Mashariki siyo barabara kuu. Ni pale anapotoka maegeshoni asubuhi barabara ikiwa tupu, mkono ukampeleka kushoto kwa mazoea. Vijijini kuna sheria nyingine: kwenye njia panda isiyo na alama, anayetoka kulia ana haki ya kupita, hata kama anatoka kichochoro kidogo. Pampu za mafuta za maduka makubwa ni nafuu, ila wikendi hufanya kazi kwa kadi peke yake na huzuia kwanza kiasi kikubwa cha pesa kabla ya kukata bei halisi. Hakikisha kadi ina nafasi.

Nyumba ya kijijini

Kuna aina mbili kuu. Chambre d'hôtes ni chumba nyumbani kwa mwenyeji, pamoja na kifungua kinywa. Gîte ni nyumba nzima unayojipikia. Julai na Agosti gîte nyingi hukodishwa Jumamosi hadi Jumamosi tu. Nje ya miezi hiyo usiku tatu hukubalika. Soma mkataba: mara nyingi shuka na taulo hulipiwa kando, usafi wa mwisho kando, na dhamana hushikwa hadi mwenyeji akague nyumba. Hakuna mapokezi ya usiku. Muda wa kuingia huwa saa 10 hadi saa 1 jioni, na ukichelewa piga simu mapema.

Nyumba za mawe hubaki baridi kwa utaratibu mmoja: asubuhi mbao za nje za madirisha hufungwa upande wa jua, usiku hufunguliwa zote. Mgeni anayeacha madirisha wazi mchana hulala ndani ya tanuri. Maji machafu huingia kwenye shimo la nyumba yenyewe, kwa hiyo usitupe vitambaa vya unyevu wala pedi chooni. Nunua chakula Jumamosi, kwa kuwa Jumapili mchana maduka mengi ya vijijini hufungwa.

Kituo kizuri ni kati ya Gordes, Roussillon na Apt, ambapo karibu kila kitu kiko chini ya nusu saa. Ijumaa pitia soko la Lourmarin, lakini fika kabla ya saa 3. Jumamosi ni soko la Apt, kubwa na la wenyeji zaidi kuliko la watalii. Masoko yote huvunjwa kuelekea saa 7 mchana. Baada ya Apt nenda Roussillon kwenye njia ya miguu ya udongo wa rangi. Machimbo haya ya zamani yana mchanga mwekundu na wa manjano uliopakwa rangi na oksidi za chuma. Vaa viatu vya zamani na nguo za rangi nzito, kwani vumbi lake haling'oki kwenye kitambaa cheupe. Mvua ikinyesha njia hufungwa. Karibu na hapo kuna Pont Julien, daraja la Kirumi la mwaka 3 kabla ya Kristo, ambalo magari yalilipita hadi 2005. Sasa ni la wapita njia na baiskeli.

Abasia ya Sénanque, iliyoanzishwa 1148, bado ina watawa. Funika mabega, zungumza kwa sauti ya chini, na usiingie kati ya mistari ya lavenda kupiga picha. Jumapili ni ya L'Isle-sur-la-Sorgue, mji wa mifereji na magurudumu ya maji, wenye soko la chakula na vitu vya kale siku hiyo. Ukifika baada ya saa 3 na nusu utazunguka ukitafuta pa kuegesha. Mchana endelea kilomita 7 hadi Fontaine-de-Vaucluse, chemchemi kubwa kuliko zote Ufaransa. Mwaka 1985 roboti ilifika kina cha mita 308 ndani yake. Machi na Aprili maji hufurika kwa kishindo. Agosti utaona bwawa tulivu chini ya mwamba, na mto ukitokea chini kidogo kati ya mawe.

Chakula, kwa anayechunga

Mkahawa hupika saa 6 hadi saa 8 mchana, na jioni kuanzia saa 1. Nje ya hapo utapata kinywaji tu. Ingia, sema Bonjour, subiri uonyeshwe meza. Huduma imo ndani ya bei. Omba carafe d'eau, maji ya bomba ya bure, na mkate huja bila malipo. Mlo wa mchana wa bei maalumu ndio nafuu zaidi.

Asiyekula nguruwe wala pombe aulize kila mara. Daube, nyama ya kuchemshwa polepole, hupikwa kwa divai. Saladi nyingi hunyunyiziwa vipande vya nguruwe bila kutajwa kwenye jina. Salama zaidi ni brandade ya Nîmes, samaki aliyepondwa kwa mafuta ya zeituni, na papeton, bilinganya ya Avignon iliyookwa kwa mayai. Hata hivyo uliza. Mabucha ya halali yapo Avignon na Cavaillon, na hapo ndipo gîte yenye jiko huonyesha faida yake.

Upepo na moto

Mistral ni upepo mkavu wa kaskazini unaoshuka bonde la Rhône. Huweza kuzidi kilomita 100 kwa saa huku anga ikiwa buluu kabisa. Hata Mei beba koti lisilopitisha upepo, na siku yake usipande Ventoux. Wakati wa joto upepo huo hueneza moto, kwa hiyo misitu ya Luberon inaweza kufungwa kwa siku nzima. Ramani ya mkoa ya misitu iliyofungwa hutolewa jioni kwa ajili ya kesho yake, nayo ndiyo ya kufuata kabla ya kupanga matembezi. Usiwashe jiko la makaa nje wala kuvuta sigara msituni. Dharura yoyote ni 112, na duka la dawa la zamu usiku hujulikana kwa kupiga 3237.

Jumatatu ya kurudi, jaza mafuta Cavaillon au kando ya barabara kabla ya kufika Avignon TGV, tunza risiti, piga picha ya kipimo cha mafuta na ya gari lilipoegeshwa. Fika angalau saa moja na nusu kabla ya treni, kwani asubuhi ya Jumatatu kaunta za magari huwa na foleni ndefu.